Mdoli Niliyembeba Mgongoni Hadi Mgwashi

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati nikamwona mtu anauma midomo nitashindwa kuendelea. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, fundi cherehani ninayeheshimika pale Lushoto mjini, nimepigiwa vigelegele na nusu ya kijiji kwa kujifungua mdoli.

Yote yalianza na ahadi. Binti wa kaka yangu, Neema, alikuwa anatimiza miaka sita, nami nikamwambia kwenye simu kwamba nitamletea mdoli wangu wa utotoni, Salome. Salome alitoka kwenye mitumba nikiwa darasa la kwanza: kichwa cha plastiki, mwili wa kitambaa, na tumboni ana kidude fulani ambacho ukimwinamisha analia kama mtoto kweli. Alikuwa amelala sandukuni zaidi ya miaka thelathini, panya wamemla mguu mmoja, nywele zimekwisha, sauti imekauka. Wiki nzima nilikuwa nawafungia wateja duka mapema ili nimshughulikie yeye. Nikamfumua, nikamwosha, nikamjaza sufi mpya, nikamshonea mguu ambao Neema alikuwa akiuulizia kwenye simu kila jioni, nywele nikamsokotea za katani nilizozichovya kwenye chai ya rangi zikatoka kahawia nzuri. Kile kidude nilikipuliza vumbi tu, nikakigeuza, na chumba kizima kikajaa kilio. Niliganda na sindano mkononi. Sijui niwaambieje, lakini kwa muda nilisahau kwamba ni mdoli, nikampakata, nikambembeleza mpaka chai yangu ikapoa. (Mimi sina mtoto. Nilikaa kwenye ndoa miaka tisa, tukahangaika kila mahali, mwisho mume akaenda kwingine. Mlijue hilo mapema.)

Jumamosi asubuhi nikapanda Mgwashi, kijijini kwetu mlimani, anakoishi kaka. Niliposhuka kwenye gari ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, manyunyu yanaanguka, nami nina begi mkono mmoja na kikapu cha mikate mkono mwingine, na nilijua zile nywele zikilowa, chai yote itamchuruzikia usoni. Basi nikafanya uamuzi wangu ule mdogo: nikamviringisha Salome kwenye blanketi, nikambeba mgongoni kwa kitenge, nikamfunika hadi kichwani.

Jamani, ile njia siku ile! Miti inakutokea mbele na kupotea nyuma, maji unayasikia huyaoni, hakuna mtu, hakuna sauti, ni wewe na uzito kidogo mgongoni na joto la blanketi. Nikajikuta nimehamishia kikapu mkono wa begi ili mkono mmoja upate kurudi nyuma kumpigapiga taratibu. Nikaanza hata kuimba kidogo.

Ndipo Mama Eliya akatokea ukunguni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Huyu ni shoga wa marehemu mama yangu, na kwetu mtu wa umri ule humwamkii ukiwa umesimama wima. Nikapiga goti, nikainama.

"Shikamoo, mama."

Na Salome naye akaamkia: "Ngaaa!"

Majani yakaanguka chini. "Marahaba... Yesu wangu! Mwanangu, umepata mtoto?"

Maneno mawili tu yalitakiwa pale: ni mdoli. Lakini uso wa yule mama ulikuwa umefunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kuangaliwa nayo na mtu yeyote, na mdomo wangu ukasema, "Ndiyo, mama. Asante."

Akalia. Akaweka kiganja juu ya blanketi, hakumfunua (mtoto mchanga hafunuliwi njiani, anaonwa ndani), akawa anarudia hongera ya kwetu, "Hongea, hongea mwanangu, laiti mama yako angekuwepo!" Nikaondoka haraka, nikijidanganya kwamba kesho nitamfuata nimnong'oneze ukweli. Nilijua nimekosea. Lakini sitawaficha, kile kipande cha njia baada ya pale nilikitembea nikiwa mama.

Nilichosahau ni kwamba kwetu habari njema haisubiri simu. Nyuma yangu Mama Eliya akapiga kigelegele kuelekea bondeni, akitangaza kwamba nimepata mtoto, kingine kikajibu ng'ambo, na kingine juu ya shule. Njia nzima wazee wakawa wananingoja. Nilijaribu kumwamkia mmoja bila kuinama, akanikazia macho mpaka goti likashuka lenyewe. "Ngaaa!"

Kwa kaka nikakuta wanawake wamejaa jikoni na maziwa, ndizi, kuku mzima na sufuria ya uji wa mzazi. Wifi yangu Tumaini akanishika bega, "Wifi, hata mimi umenificha?" Kabla sijajibu nimeshakalishwa kwenye kigoda karibu na moto, kikombe mkononi. Mama Eliya akaingia anahema, ameshika sweta dogo la njano linalonuka sanduku.

"Nililifuma mwaka ule ulioolewa," akasema. "Haya, sasa tumwone."

Neema ndiye aliyefika kwanza. Akavuta kitenge, blanketi likafunguka, na mtoto akaruka juu kwa furaha. "Salome! Shangazi, umemshonea mguu!"

Maziwa yakafurika jikoni, hakuna aliyeyakimbilia. Kaka akakohoa, akatoka nje (nilimsikia akicheka nyuma ya nyumba, na bado sijamsamehe). Nikataka kumweka Salome chini ili nipate pa kuficha uso, akainama, "Ngaaa!", na hapo nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, mmoja akabaki anajishika mbavu, kuku anamtoroka kwapani.

Mama Eliya peke yake hakucheka. "Kwa nini uliitikia?"

Ningeweza kusema nilibabaika. Nikasema ukweli. "Nilitaka nisikie inakuwaje, mama. Kupongezwa."

Kicheko kikakatika. Yule mama akalikunja sweta, akaliweka chini ya khanga yake, akaja kukaa karibu nami, akavuta kichwa changu mapajani pake mbele ya watu wote. "Ungeniambia hivyo kule njiani," akasema, "ningekuimbia tukiwa wawili tu, bila kuuita mlima mzima."

Nililia mpaka kitenge kikalowa. Kisha tukanywa ule uji wa mzazi wote pamoja, maana chakula kilichokwisha kuletwa hakirudishwi, na Neema akamlisha Salome sehemu yake.

Siku hizi nikipanda Mgwashi napiga goti kama kawaida, na kila mzee husubiri kidogo kabla ya kuitika marahaba, anausikiliza mgongo wangu. Nastahili. Nimeapa sitapokea tena hongera isiyo yangu, hata iwe tamu namna gani, na ile ilikuwa tamu.