Neno la Wabeba Machela

Harufu ya mianzi mibichi hunirudisha utotoni hadi leo. Ndivyo ilivyonuka machela aliyolazwa mama yangu kule milimani Rurambo, mwaka ule wa vita ambao sisi watoto tulijua kutofautisha milio ya bunduki kabla hatujajua kugawanya vizuri. Mama alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto alikataa kutoka. Mkunga alitoka nje akasema ashushwe hospitali, huko bondeni, la sivyo tungezika wawili. Machela kwetu hubebwa na wanaume, lakini wanaume wote, baba akiwamo, walikuwa wamejificha msituni, kwa kuwa wenye bunduki walikuwa wakikamata wanaume na kuwabebesha masanduku ya risasi, na wengi hawakurudi. Mama mdogo Furaha na jirani mmoja mrefu wakashika ncha mbili za mbele, jirani mwingine akashika moja ya nyuma. Ncha ya nne ikakosa bega, wote wakanitazama mimi.

Kwenye mteremko warefu hutangulia na wafupi hukaa nyuma, mgonjwa asije akaporomokea miguuni. Ufupi wangu, niliotaniwa nao shuleni kila siku, ndio ulionipa kazi. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, nilipowaona wanaume wakishuka na wagonjwa nilidhani ni matembezi. Hatujavuka hata kijito cha kwanza, mwanzi ukawa umeshanila bega, nikasema wazi kwamba nimechoka. Mama mdogo akageuza shingo kwa hasira. «Weye, funga kinywa! Kwa machela hatusemake ‘nimechoka’. Mugonjwa iko nasikia, atajiona muzigo. Ukishindwa, sema ‘bega’, tutabadirisha.» Ndiyo desturi ya milimani: neno hilo likitamkwa, wote huinua pamoja na kuhamishia mwanzi bega la pili, safari ikiendelea.

Tulipofika penye msitu, risasi zikalia upande wa chini, karibu mno. Tukachuchumaa machela ikiwa mabegani, maana kuiweka chini na kuiinua tena kungeleta kelele. Hakuna aliyekohoa. Milio iliposogea mbali tukaendelea, na njia ilikuwa tope tupu. Nikateleza, goti likapiga jiwe, ila mwanzi haukushuka. Kuteleza si kuanguka. Hata hivyo pumzi ilianza kunikwaruza kooni, na lile neno nililiogopa, nisije nikawaonyesha wenye bunduki tulipo. Ndipo kutoka ndani ya blanketi mama, ambaye hakuwa amesema kitu tangu kijijini, akanong'ona: «Bega. Mutoto wangu wa nyuma iko nachoka.» Tukabadilisha. Nililia njia nzima iliyobaki, kwa woga na kwa mapenzi, na ncha yangu sikumwachia mtu. Jua lilikuwa bado juu tulipofika hospitali, na mdogo wangu Riziki akazaliwa akiwa mnyonge, lakini akilia.

Miaka baadaye, mjini Uvira, nilijiunga na chumba cha mazoezi ambako vijana walinyanyua vyuma huku wakijibusu kwa macho kwenye kioo. Nilikuwa karibu kuacha. Siku moja kocha mgeni akatutoa nje, akatugawia bidoni, yaani madumu ya maji, na mifuko ya mchanga: bebeni, chuchumaeni, pandeni nayo, badilisheni upande. Alisema haya ni mazoezi ya kuufundisha mwili kazi zake za kila siku. Nikacheka peke yangu nikiikumbuka ile machela, nikajua hii ndiyo kazi yangu.

Sasa nina uwanja mdogo wa mazoezi mtaa wa Kasenga, mjini humo, nyuma ya karakana ya seremala. Wenye vitambi huja kupunguza vitambi, nami huwatania bila huruma, ila hakuna anayeruhusiwa kusema amechoka. Huja pia wanawake waliokimbia vita huko Rurambo na Bijombo, na hao hawaniulizi miti miwili ya mwanzi niliyoiegemeza ukutani ni ya nini. Kule juu machela bado zinashuka, na bado risasi zinalia. Jumamosi mama huja kuketi kivulini akichambua mboga. Juzi tulibeba mifuko ya mchanga kwa ile mianzi, nami nikashika ncha ya nyuma, nikijitia shujaa mbele ya wanafunzi wangu huku nikificha kuwa pumzi imeniishia. Mama hakuinua hata macho.

«Bega,» akasema.