Bibi yangu na bao lake la uani

Jamani, leo nimesalitiwa na bibi yangu mwenyewe.

Chuoni tunasoma michezo na jamii. Miezi miwili nnaandika kwa nini wanawake wa Unguja hawachezi bao. Bibi nshamhoji mara tatu! Kila mara jibu moja: "Waulize wanaume barazani."

Leo rafiki yangu Rukia kawasilisha kazi yake darasani. Picha ya kwanza: bibi yangu, uani kwake Chukwani, kete mkononi, anamfunga jirani yake bao.

Nimekwenda kwake mbio. Hata kumwamkia nimesahau.

"Marahaba," kajijibia mwenyewe.

"Bibi, mbona mimi hukunambia?"

"Wewe ulikuja na jibu lako, kwamba hatuchezi. Mwenzio kaniuliza nani hodari."

Sasa nimnunie nani? Msinijibu.