Futi Kati ya Sigara na Cherehani

Nilikuwa nasubiri suruali yangu kwa mafundi wawili karibu na mpaka wa Grande Barrière, mke na mumewe. Mume ndiye mvutaji. Mke alikuwa ametoka hospitalini: mapafu yake ni salama, lakini daktari alimwonya kuwa moshi wa sigara ya mumewe nao huharibu vinasaba vya mapafu yake, na kansa huweza kuanzia hapo.

"Bon, mi navutia mbali na we," mume akajitetea, sigara isiyowashwa mdomoni.

Mke akanyoosha futi ya kupimia nguo kutoka mdomo wa mumewe hadi cherehani yake. "Mbali gani? Hata robe, gauni ya mutoto, inapita hii kwa urefu! Toka!"

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Mume akaitazama, akarudisha sigara mfukoni, akaketi kushona.

Kwa mara ya kwanza, nilipewa suruali siku niliyoahidiwa.