Maumivu ya Nakonde, Dawa ya Nakonde

Shangazi yangu Elina aliamini kwamba maumivu yana kwao. Yaliyompata Tunduma aliyatibu kwa vidonge vya Tunduma. Yaliyompata Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, aliyatibu kwa vidonge vya Zambia. "Ya kule hayasikii dawa ya huku," alisema, na wachukuzi wenzake walikubali, maana nao walifanya hivyohivyo.

Nilipomaliza chuo mwaka 2009 na kurudi kukaa kwake, alikuwa ameshawavushia wafanyabiashara mizigo kwa miaka mingi: sabuni, mafuta ya kula, mabeli ya vitenge. Malori yalisota kwenye foleni. Wanawake wakapita kando na ngata zao kichwani. Kazi hiyo aliianza mumewe alipofariki na mashemeji wakachukua shamba la Ndalambo. Ndiyo iliyomsomesha binti yake Witness, na ndiyo iliyonisomesha mimi, yatima wa kaka yake. Mgongo ninaouandika hapa ndio ulionilipia ada.

Jioni, kabla hata ya kula, alifungua pindo la khanga na kutoa paketi tatu. Nyekundu, yenye picha ya mwanamume wa kifua kipana akisukuma mkokoteni, ilikuwa ya mgongo. Ya zambarau, yenye mama aliyeshika paji la uso, ilikuwa ya kichwa. Ya kijani, yenye maneno ya Kiingereza, ilitoka Nakonde na ilikuwa ya magoti, kwa kuwa magoti yalimshika akiwa kule. Alimeza zote kwa pamoja.

Siku moja nikazigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, zote tatu ziliandikwa jina moja: diklofenaki, dawa ya maumivu inayochoma tumbo ikizidi. Kipimo kilekile. Dawa moja, nguo tatu.

Nikazipeleka kwa Zahoro, mtu wa Kondoa, mwenye duka la dawa mtaani kwetu. Shangazi akanifuata.

"Kaka Zahoro, hizi ni dawa moja. Kwa nini unampa mbili, juu ya hiyo ya Nakonde?"

"Shikamoo umeiacha chuoni, msomi?" Wanawake waliokaa kwenye benchi wakacheka. Zahoro akaendelea bila hasira. "Huyo mwenye kifua nimemchora mimi? Zinakuja hivyo. Mwenye kichwa nikimpa ya mkokoteni, ananirudishia."

"Ungemweleza."

"Nimweleze kwamba watengenezaji wanadanganya? Mbona hawadanganyi. Kichwa kinatulia, mgongo unatulia."

Nikanyoosha kidole kwenye boksi la parasetamoli. Lilikuwa na picha ya mama amempakata mtoto mchanga. "Basi mpe hii."

Shangazi akalitazama kama mtu aliyeandaliwa uji harusini. "Hiyo ya watoto wenye homa, Nathanaeli. Mimi nabeba mabeli, sibebwi mgongoni."

Wakacheka tena, naye akacheka nao. Mimi sikuweza. Dawa ambayo ingelihurumia tumbo lake wameivisha nepi. Inayolichoma wameipa misuli. Tangu soko liwe huria tunaambiwa mnunuzi ana uhuru wa kuchagua. Shangazi alichagua kila siku, kati ya kitu na kitu hichohicho.

Mvua zilipoanza, akaanguka njiani na kutapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Hospitali wakamwongezea damu. Daktari akasema ni vidonda vya tumbo, akamkataza vidonge vile vyote, akamkataza mizigo, akamwandikia parasetamoli.

"Sawa, daktari," shangazi akajibu kwa adabu.

Alipumzika kwa muda. Lakini Witness alikuwa bado sekondari, na mimi kila nilikoomba kazi sikujibiwa. Akarudi mpakani. Parasetamoli ilimpunguzia kidogo, halafu maumivu yakarudi, kwa sababu mgongo ule ulitaka kupumzishwa, na mapumziko hayauzwi kwa Zahoro wala Nakonde.

Asubuhi moja nikamkuta uani ameshika paketi ya njano ambayo sikuwahi kuiona.

"Usinune, baba. Ameniletea Ruti, ndugu yetu wa Nakonde. Hii ni ya sisi wenye vidonda."

Mbele kulikuwa na mwanamke anayetabasamu, mkono juu ya tumbo, na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba dawa hii ni laini kwa tumbo. Nikaigeuza. Diklofenaki.

"Ni ileile, shangazi."

"Hata zile ulisema ni ileile."

"Na ukatapika damu."

"Nilitapika kwa sababu sikuwa na hii."

Ningeweza kumsomea herufi ndogo hadi jioni. Yeye alikuwa akimtazama yule mwanamke, na yule mwanamke hakuwa na maumivu. Akameza kimoja, akafunga paketi kwenye khanga, akaliendea beli la vitenge lililomsubiri mlangoni.

"Niachie mimi nilibebe."

"Wewe? Kijana na beli, watu wa forodha wanamsimamisha, wanamuuliza karatasi. Mama mwenye ngata anapita." Akapiga goti, akaweka ngata sawasawa. Peke yake hakuweza tena kuuinua mzigo ule. "Nitwike, baba, wenzangu wameshatangulia."

Nikainama, nikaushika kwa mikono miwili, nikamtwika.