Mpini Mrefu wa Mama wa Ipuli

Juzi katika duka la vifaa vya michezo hapa Tabora, mama mmoja wa Ipuli alikuja kununua kibao cha pikoboli, mchezo ule unaofanana na tenisi. Kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha mkono wake wa kulia. Akajaribu chenye mpini mfupi, kikamponyoka.

"Basi tena, mwanangu. Mchezo umenikataa."

Muuzaji, binti wa Kihindi, akamshushia chenye mpini mrefu, kisha akauweka mkono wa kushoto wa mama chini ya ule wa kulia.

"Shika kwa yote miwili, mama. Huu ukichoka, mwenzake yupo."

Mama akapunga kibao hewani, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Mungu akuweke, binti yangu."

Mimi nilisahau kabisa kilichonipeleka dukani. Nilirudi mikono mitupu, nikaishukuru yote miwili.