Sindano ya Jumapili

Fundi saa alikuwa na mikono isiyotetemeka, na ndani ya nyumba yake hiyo ndiyo sifa pekee iliyokuwa imembakia. Mkewe aliugua kisukari, na macho yake yalikuwa yamedhoofika, hawezi tena kusoma mistari midogo ya bomba la sindano. Basi kila asubuhi mume alinawa mikono, akatoa kichupa cha insulini kwenye friji, akavuta dawa, akaenda kugonga mlango wa chumba cha pili.

"Nachoma," alisema.

"Choma," alijibu mkewe, amegeukia ukuta.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kutwa. Miaka mingi nyuma fundi alimfukuza binti yao wa pekee kwa sababu ya mimba. Mkewe hakugomba wala hakulia. Alichukua mto wake akahamia chumba cha binti. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na fundi alikuwa na mjukuu kweli, ng'ambo ya pili ya mji, asiyemjua hata sura. Lakini kuomba radhi, wapi! Mtu aliyeweza kufungua saa ndogo kuliko ukucha alishindwa kufungua kinywa chake mwenyewe.

Badala yake akaiegemea ile sindano. Alitafuta sindano nyembamba, akabadilisha mahali pa kuchoma, ngozi isije ikafanya vinundu. Alijidanganya kwamba iko siku ngozi ile ingemsamehe kwa niaba ya mwenyewe.

Kisha watafiti wakaja kliniki alikotibiwa mkewe.

"Ni insulini mpya, mama," nesi alieleza. "Inachomwa mara moja kwa wiki. Tunataka kujua kama inadhibiti sukari sawasawa na ya kila siku."

"Na isipofaa?" fundi alidakia.

"Ndiyo maana tunaijaribu, baba. Tutampima mara kwa mara, na akitaka kujitoa, anajitoa."

"Niandikeni," alisema mkewe. "Iwe Jumapili."

Fundi alirudi nyumbani mnyonge. Asubuhi saba zimekuwa moja. Hata hivyo alijipa moyo: moja nayo si haba.

Jumapili ilipofika alinawa mikono, akagonga. Alimkuta mkewe amevaa, begi liko kitandani.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"

"Kwa mwanangu. Aliniita zamani nikakae kwake, lakini yeye anaingia kazini alfajiri, na dawa ilikuwa ya kila siku. Nani angenichoma? Jumapili yupo nyumbani. Nesi ameshamfundisha."

Fundi aliketi kwenye kiti cha mlangoni. Hakuwa amemsikia akisema maneno mengi kiasi kile tangu binti aondoke.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikaa kwa ajili ya sindano?"

"Ulinichoma vizuri, sikatai. Hukuniumiza hata siku moja."

"Nisamehe," alisema fundi. Neno lilimtoka kavu, limechelewa, na alijua limechelewa.

Mkewe alifunga zipu ya begi.

"Hilo kamwambie binti mwenyewe," alisema. "Ila leo usinifuate. Leo nataka nifurahi."