Hatua za Mume Wangu

Mume wangu aliipanga njia ya nyumbani kwetu kwa kutembea. Alitoka mlangoni hadi langoni, na kila mguu wake ulipotua, akaweka jiwe bapa alilolitoa mtoni. Ni mtu mrefu, kwa hiyo mimi niliruka jiwe hadi jiwe na ndoo kichwani, nikimtukana kimoyomoyo. Kisha akavuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta kazi, akaniachia mama yake na ile njia.

Misimu mitatu ya mvua imepita, na simu zake zimekuwa chache. Mawe mengine yalizama, mengine yakainuka upande mmoja, na mama mkwe akawa anajikwaa kila Jumapili akienda kanisani. Nilipotaka kuyapanga upya alikataa katakata.

"Usiguse ile mawe! Mutoto wangu njo aliipima na miguu yake."

Niliyaacha, maana moyoni hata mimi sikutaka kuyagusa. Nilipokuwa peke yangu niliyakanyaga moja moja, nikinyoosha miguu hadi mapaja yaume, ili nitembee kama yeye. Nilimtamani mpaka nikamkasirikia.

Mwezi uliopita mama mkwe akajikwaa tena, akaanguka. Mkono ulivimba, na kwa Jumapili mbili alikaa barazani akisikiliza nyimbo za kanisa kwa mbali, midomo ikicheza bila sauti. Lisilo budi hutendwa. Nilichukua mtaimbo, nikang'oa mawe yote, na safari hii hakunikataza.

Nilimwaga mchanga wa mtoni, ule wenye chembe kubwa, maana ule laini wa ziwani huchukuliwa na mvua ya kwanza. Sikuwa na kitu cha kushindilia, nikaingia jikoni nikachukua mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Mama aliuona, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Weye! Leo tutakula sombe ya mawe?"

"Na weye njo utaonja wa kwanza, mama. Kuja utembee."

Alielewa ninachotaka. Alisimama kitambo mlangoni, kisha akaja polepole, nami nikimfuata nyuma, nikiweka jiwe pale mguu wake ulipotua. Juu ya kila moja nililaza chupa yenye maji nusu kuona kama limekaa sawa. Kila jiwe nililosogeza lilifuta hatua moja ya mume wangu, na sikuwa na kitu kingine chake cha kukanyaga.

Hatua za mama ni fupi, kwa hiyo mawe yaliisha kabla ya lango. Palibaki udongo mtupu. Nikamwambia kesho nitashuka mtoni kutafuta mengine.

Alisimama juu ya jiwe la mwisho, akalitazama lango.

"Acha vile," akasema. "Kwenye kunabakia, atakuja kupanga mwenyewe."

Sikwenda mtoni. Jumapili tukifika pale mawe yanapoishia, namshika mkono.